Safu ya Wazee Mwezi wa Julai

Katika msikiti wetu mdogo wa Kawangware, magharibi ya jiji la Nairobi, safu ya kwanza ya sala ya Alfajiri ni ya wazee. Wengi wao ni watu wa kwetu Pwani, waliokuja bara wakiwa vijana kufanya kazi katika reli, posta na ofisi za serikali, wakapanga huku, wakazaa huku, na siku ya kustaafu ikawakuta hukuhuku. Mwezi wa Mei huwahesabu kumi na mmoja. Julai ifikapo katikati, nikitoa salamu na kuwageukia, huona watano, pengine wanne.

Kwa miaka mingi sikuulizia pengo hilo. Nilijisemea kuwa ni baridi tu, nayo itapita.

Ndugu wasomaji mlioko Mombasa, Malindi na Lamu mnaijua kusi kwa wema wake: joto hupungua, usiku mtu hulala akajifunika shuka, na barazani hukalika mchana kutwa. Upepo huohuo ukipanda hadi Nairobi, mji ulio mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vitongoji vyake vya magharibi vikiwa juu zaidi, hugeuka mawingu mazito yanayotanda siku nzima, na mara nyingine wiki ikapita jua halijaonekana sawasawa. Usiku wa Julai hushuka kwa wastani hadi nyuzi 11 au 12 za selisiasi, na mchana ni shida kuvuka 22. Kwa Mombasa mwezi huohuo, ni nadra usiku kuteremka sana chini ya nyuzi 20. Mgeni kutoka Ulaya atatucheka tukiita hiyo baridi. Lakini nyumba za kwao zina mitambo ya kupasha joto, na zetu ni mawe, saruji na mabati. Mara nyingi mchana mtu hutoka nje kuota joto.

Wanachuoni wa kale waliisifu baridi kwa kuwa huko kwao humpa muumini usiku mrefu wa kusimama na mchana mfupi wa kufunga. Sisi tulio jirani na Ikweta hatuna hata fungu hilo. Mchana wa Julai hapa ni sawa na wa Januari, tofauti ni dakika chache. Tuna baridi tupu.

Kijana huishinda baridi hii bila kujua kuwa anaishinda. Mzee hawezi. Damu yake haikimbii kama zamani, mwili hutetemeka kidogo na kwa kuchelewa, kwa hiyo hupoteza joto kabla hajahisi. Mishipa ikijibana, shinikizo la damu hupanda. Kiu hupungua, naye akapunguza maji ili asiamke usiku kwenda chooni, kumbe anajiletea maradhi mengine. Tena kuna jambo ambalo hatulisemi tunapomfanyia mstaafu karamu ya kumuaga: kazi ilikuwa ikimpasha moto. Alitembea hadi kituo cha matatu, akabanwa na abiria wenzake ndani ya namba 46 hadi mjini, akapanda ngazi za ofisi, akanywa chai ya saa nne na wenzake, Adhuhuri akateremka kwenda kusali Jamia. Siku aliyopokea kiinua mgongo, hayo yote yalikatika kwa mara moja. Akabaki chumbani, ameelekeana na ukuta, na blanketi magotini.

Nimeanza na hayo ili nifike kwenye kosa langu.

Mwaka juzi, mwezi wa Juni, nilitoa darsa baada ya Magharibi juu ya fadhila za kutimiza udhu wakati wa taabu. Hadithi yake ni sahihi na fadhila yake ni kubwa, nami nilisema kwa ufasaha niliojaliwa. Katika waliosikiliza alikuwamo mzee wa miaka sabini na miwili, mtu wa Lamu, karani mstaafu, mjane anayeishi peke yake nyuma ya soko. Nyumbani kwake mna jiko la gesi na sufuria. Lakini tangu usiku ule aliona kuwa kuyapasha maji moto ni kuipunguza thawabu. Saa kumi na nusu za usiku alikuwa akitoka uani, akichota maji ya pipa lililolala nje, akitawadha hadi viwiko na hadi vifundo, kisha akija msikitini na ndara, miguu ingali mbichi.

Katikati ya Julai akatoweka safuni. Siku tatu hakuna aliyemwulizia, mimi nikiwa wa kwanza wa wasiouliza. Nilidhani amekwenda kwa binti yake. Siku ya nne jirani alinipigia simu. Ilikuwa homa ya mapafu. Alilazwa siku tisa, na mwanawe akapanda kutoka Mombasa kuja kukaa naye. Nilipoingia wodini, mzee alinishika mkono akasema kwa sauti iliyokatika, “Sheikh, niwie radhi, Alfajiri zimenipita.”

Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamweleza pale pale kitandani yale niliyopaswa kuyasema mwezi wa Juni, na sasa nayaeleza hapa. Taabu inayosifiwa ni ile inayomkuta mtu. Haikuwekwa ili aitafute ilhali njia ya wepesi ipo mkononi mwake. Kupasha maji moto hakupunguzi chochote. Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafi’i wameyahesabu maji yaliyo baridi mno, kama yalivyo yaliyo moto mno, kuwa ni makuruhu kutawadhia, kwa sababu mtu huyakimbia na asiutimize udhu wake. Na Amr bin al-Aas (r.a.), katika vita vya Dhat as-Salasil, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akahofia nafsi yake, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alicheka wala hakumkemea. Abu Dawud ameipokea. Hiyo ni rukhsa ya mwenye kuchelea madhara na asiye na njia ya kupasha maji. Mwenye gesi na sufuria haimhusu, yeye na apashe maji.

Kwa wazee wetu, rukhsa iliyo karibu zaidi ni ya khufu. Mkaazi hupakaza maji juu yake kwa mchana na usiku wake, muda ukianza kuhesabiwa tangu udhu unapotenguka kwa mara ya kwanza baada ya kuzivaa. Sharti lake azivae akiwa na udhu kamili, ziwe safi, zifunike hadi vifundoni, na ziwe imara za kutembelea; soksi nyepesi za dukani hazimo katika madhehebu yetu. Khufu za ngozi zinapatikana Eastleigh. Mzee akitawadha Adhuhuri, ubaridi wa maji umevunjika, akaosha miguu kwa raha yake na kuvaa khufu, basi Alfajiri inayofuata atapaka maji tu na miguu yake haitatota. Janaba ikimpata, hapo atazivua na kukoga. Miaka ishirini nimefundisha mlango huu wa fiqhi kama habari za wasafiri wa jangwani, na wahitaji wake wamekaa mbele yangu kwenye safu ya kwanza.

Kuhusu jiko la makaa nitasema kwa ukali. Kila msimu wa baridi, Nairobi na Kiambu husikika habari za watu waliokutwa wamekufa vyumbani mwao kwa sababu walilala na jiko linalowaka na madirisha yamefungwa. Makaa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na mtu huingia usingizini akidhani amepata joto. Wala usidanganyike kwa kuwa makaa yamekwisha kufanya majivu juu. Chini bado yanatoa sumu. Ukiwa na mzazi huku, mpigie simu usiku huu umuulize jiko lake analala nalo wapi. Mtumie chupa ya maji ya moto ya kuweka kitandani na blanketi la pili. Mavazi si ghali: fulana nzito na sweta ya sufi ndani ya kanzu, soksi, na kofia ya sufi ya kulalia. Mitumba mizuri ipo soko la Toi, na wapo wazee wetu wanaoona haya kuvaa sweta juu ya kanzu kama kwamba ni uzushi katika dini.

Tulilofanya sisi msikitini ni dogo. Tumeweka birika kubwa la umeme karibu na mabomba, na baada ya Alfajiri hupitishwa kahawa tungu kwa tangawizi. Wazee wawili wawili wanapanda matatu saa nne, msongamano ukiwa umepungua, wanakwenda kusali Adhuhuri Jamia, msikiti uliojengwa kati ya 1925 na 1933 katikati ya jiji, ambako kuna watu, mazungumzo na, Mungu akijaalia, jua. Hawaendi kufanya lolote kubwa. Wanatoka nyumbani, basi.

Na mwenye jamaa Pwani, aende Pwani. Tangu 2017 treni ya Madaraka imeifanya safari hii kuwa ya saa tano au sita, na nauli ya daraja la kawaida, iliyopandishwa hadi shilingi 1,500 mwaka 2024, wana watatu wakichanga hawaioni. Nanyi mnaowapandisha mama zenu Nairobi kuonana na madaktari, jambo lisilo la dharura lipangieni Januari au Februari. Julai mnamleta mgonjwa mmoja mnamrudisha na magonjwa mawili.

Mzee wetu wa Lamu sasa huondoka mwisho wa Mei na kurudi Septemba. Mwaka huu nilimsindikiza hadi stesheni ya Syokimau. Alibeba khufu zake ndani ya mkoba, ingawa nilimwambia Mombasa hatazihitaji. Jumatatu iliyopita alinipigia simu kutoka barazani kwa mwanawe Kibokoni. Hakuuliza habari za hali ya hewa. Aliuliza safu ina wangapi. Nikamwambia wanane. Akanitajia majina ya wote aliowaacha, mmoja mmoja, hadi tukawapata wawili wasiokuwepo, akaniambia niende kuwagongea mlango kabla ya Adhuhuri, kisha nimpigie.