Makumbusho ya Burundi na Maana ya Ngoma

Burundi, iliyoko mashariki ya mji wa Uvira wa Kongo, ina makumbusho mawili mashuhuri ya sanaa za mikono za wenyeji wake. Makumbusho ya Taifa yaliyoko Gitega yalianzishwa mwaka 1955, nchi ilipokuwa chini ya udhamini wa Ubelgiji. Makumbusho Hai ya Bujumbura, ambayo mkazi wa Uvira huyafikia kwa kupitia Kavimvira na Gatumba, mwendo wa kilomita kama 30, yalianzishwa mwaka 1977, nayo huitwa hai kwa kuwa pamoja na vyombo hufugwa humo mamba na nyoka, na humo umejengwa mfano wa rugo, yaani boma la makazi ya kimila.

Vyombo vingi vinavyohifadhiwa si vigeni kwa Mvira wala Mfuliru, wenyeji wa Uvira: mitungi, nyungo, mikuki, na igisabo, kibuyu kikubwa kinachotikiswa ili maziwa yatoe siagi. Kinachostahili kutazamwa kwa karibu ni agaseke, kikapu kidogo chenye kifuniko kilichochongoka, ambacho msusi hukianzia kitakoni kwa kuzungusha kicha chembamba cha nyasi na kukishona, mzunguko juu ya mzunguko, kwa mkazo usiopitisha hata punje ya ulezi.

Hata hivyo, chombo kinachoieleza nchi yenyewe ni ngoma. Hutobolewa katika gogo la umuvugangoma, mti ambao jina lake lina maana ya kuzungumzisha ngoma, kisha ngozi ya ng'ombe huwambwa mdomoni na kukazwa kwa vigingi vya mti. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo na pia mchezo unaochezwa; kwa Kirundi ingoma ni chombo na pia utawala wa mfalme. Kwa hiyo Karyenda, ngoma takatifu ya ufalme, ilichorwa pamoja na mmea wa mtama katikati ya bendera ya mwaka 1962, na mfalme alipopinduliwa Novemba 1966 ikaondolewa, hata nyota tatu zikawekwa mwaka 1967.

Upigaji wenyewe haukukoma, na mwaka 2014 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu; abatimbo, yaani wapigaji, hadi leo hujipanga nusu duara kuizunguka inkiranya, ngoma ya katikati, ambayo nyingine huifuata.