Marakuja ya vipande: tuchague mama vizuri mbele ya kukata

Kuko swali moja linalorudi katika koperative zetu: «Marakuja yangu imepanda mpaka juu ya paa, maua ni mengi, lakini matunda hakuna. Juu ya nini?» Wengi wanafikiri ni udongo ama mbolea. Mara nyingi sababu iko pale miche ilipotoka.

Kipande ni mama yule yule

Mbegu inachanganya baba na mama. Kipande cha shina hakichanganyi kitu: ni mmea ule ule, umeota mahali pengine. Mama akizaa matunda makubwa na matamu, watoto watazaa vile vile, tena hawakawii kama miche ya mbegu. Lakini ubaya wa mama nao unakuja pamoja.

Ya zambarau na ya manjano

Marakuja ya zambarau, ile ya milima yenye baridi kama Lubero, inaweza kujizalisha yenyewe. Hata mche mmoja nyumbani unatoa matunda.

Ya manjano, inayopenda joto la chini kama bonde la Ruzizi, haiko hivyo. Ua lake linakataa unga wa mmea wake mwenyewe. Ukikata vipande 20 kwa mama mmoja na kuvipanda peke yao, una mmea mmoja tu mara 20. Utaona maua, hutaona matunda. Kata basi kwa mama wawili au watatu walioota kila mmoja kwa mbegu yake, kisha changanya miche yao katika mstari. Anayebeba unga ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa miti mikavu. Tusimuue. Kama hayuko, chukua unga kwa ua la mama mmoja na upake katika ua la mama mwingine, mchana, wakati maua yamefunguka.

Mama mgonjwa hakatwi

Angalia majani: yakiwa na madoa ya manjano na yamejikunja, na matunda ni madogo, magumu, ganda nene, maji kidogo, ni ugonjwa wa virusi. Dawa hakuna. Unapita katika vipande, katika kisu, na kwa vidukari. Ng'oa mmea huo, usimpe jirani hata kipande kimoja. Kwa kuanza upya, tumia mbegu, kwani kwa kawaida virusi hivyo havipiti ndani yake.

Namna ya kufanya

1. Pitisha kisu katika moto, na urudie kila unapobadilisha mama.
2. Kata asubuhi shina lenye unene wa kalamu, lisiwe laini sana wala kuukuu. Kipande kiwe na macho 3, sentimita 15 hadi 20.
3. Kata chini ya jicho la mwisho. Ondoa majani ya chini na vile vikamba vya kushikilia. Acha jani moja juu, likatwe nusu.
4. Jaza sashe zilizotobolewa chini: udongo, mchanga na mbolea iliyooza vizuri. Zika macho 2.
5. Weka kivulini. Mwagilia kidogo kidogo. Maji yakisimama, kipande kinaoza.
6. Mizizi inakuja kama nyuma ya mwezi mmoja. Usivute kuangalia! Majani mapya yakiendelea kukua, ni alama nzuri. Mche ukifika sentimita 25 hadi 30, uzoeshe jua pole pole, kisha upande.

Pale marakuja ya zambarau ilikauka ghafla kwa ugonjwa wa udongo, usirudishe vipande vyake. Pale inafaa kuiunganisha juu ya shina la marakuja ya manjano, linalovumilia zaidi.

Kwa pepinyeri za koperative tunashauri jambo moja: kila sashe iwe na alama ya mama yake, A, B ama C. Mwanamemba wa ya manjano asirudi nyumbani na A peke yake. Kazi ya alama ni ya dakika chache. Kungojea matunda yasiyokuja ni mwaka mzima.