Saa Mbili Usiku ni Saa Ngapi?

Lumbadzi, mji mdogo ulio kaskazini ya Lilongwe karibu na Uwanja wa Ndege wa Kamuzu, si mbali na kambi ya Dzaleka. Hapo palikuwa gereza enzi za Rais Banda. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mkongomani na Mrundi wakiagana kukutana saa mbili asubuhi, hakuna atakayepotea. Lakini jirani yao Mchewa saa hiyo huiita “eyiti koloko”, kwani yeye huhesabu tangu usiku wa manane, na wao tangu macheo.

Watu wakitatizika huulizana. Simu haiulizi. Programu nyingi za simu na kompyuta huchukua kanuni za kuandika saa katika hazina iitwayo CLDR, inayotunzwa na shirika la Unicode. Hazina hiyo inayajua maneno yetu, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, lakini haijui hesabu yetu. Hivyo programu ikiagizwa kutumia maneno hayo, saa nane za usiku huandikwa “2:00 usiku”. Mswahili asomapo hayo huelewa ni wakati wa chakula cha jioni. Amekosea kwa saa sita kamili! Kwetu sisi kosa hili ni baya kuliko Kiingereza kitupu, kwa kuwa limevaa nguo zetu.

Kwa askari jambo hili si la mzaha. Mwezi Machi 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2098, liliidhinisha brigedi ya kuingilia kati mashariki ya Kongo, na humo wakatumika pamoja askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Saa ya Dar es Salaam hutangulia ya Goma na Lilongwe kwa saa moja; ongeza juu yake hesabu ya macheo, uone zamu ya lindo inavyoweza kubaki bila mtu. Ndiyo sababu ya kuandika tarakimu nne na herufi ya ukanda: 2000B kwa Goma na Lilongwe, 2000C kwa Dar es Salaam.

Ndugu zetu polisi nao huletewa ujumbe wa simu kuwa ushahidi. Ukisomeka “2:00 usiku”, mwambie mwenye simu aigeuze ionyeshe saa ishirini na nne, ndipo uandike katika maelezo yake 0200 au 2000.