Hatifungani za Serikali: Kinachobadilika na Kisichobadilika

Anayenunua hatifungani huikopesha Serikali fedha. Hulipwa riba kila baada ya miezi 6, na hatifungani inapoiva hurejeshewa mtaji. Benki Kuu ya Tanzania huziuza kwa mnada, kuanzia shilingi 1,000,000. Mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama hushiriki kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa.

Sera hubadilika. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Walionunua zile za awali hawakupunguziwa: kila hatifungani ya shilingi 1,000,000 iliendelea kuwapa shilingi 79,750 kwa nusu mwaka, ilhali iliyo mpya ilitoa 62,800.

Kinachobadilika ni bei. Riba za soko zikipanda, hatifungani ya zamani hushuka bei, zikishuka, hupanda. Hilo humgusa hasa anayelazimika kuuza kabla ya kuiva. Kwa hiyo, ada ya shule ya mwakani au fedha za mbegu na nyavu zisifungwe kwa miaka 25. Tenga kwanza akiba ya dharura, kisha chagua muda unaolingana na mahitaji yako.

Kumbuka pia kwamba mfumuko wa bei hula thamani ya riba isiyobadilika, na kwamba Serikali nayo yaweza kuelemewa na madeni. Desemba 2022, Ghana iliwataka wenye hatifungani za ndani wazibadilishe kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Usiweke akiba yote mahali pamoja.