Kota za Mgodi, Kutoka Pullman hadi Mwadui

Katika ukanda wa madini unaoanzia Mwadui, mkoani Shinyanga, ukapita Kahama na kufika Geita, kota ni nyumba ya mwajiri, yaani nyumba ambayo mfanyakazi hukabidhiwa funguo zake anapoanza kazi na kuzirudisha kazi inapokwisha. Nyumba za namna hiyo zilienea Ulaya na Marekani katika karne ya 19, wenye viwanda na migodi walipohitaji watu wengi mahali ambapo hapakuwa na mji, na jinsi pande hizo mbili zilivyoziendesha huonyesha mengi kuhusu maisha ya wachimbaji wa Shinyanga na Geita leo.

Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1880, George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulala abiria, alijenga mji mzima nje ya Chicago na kuupa jina lake. Nyumba zilikuwa za matofali, zenye maji ya bomba na gesi, na kwa viwango vya wakati huo zilikuwa nzuri mno, lakini hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa kununua hata moja, kwa kuwa Pullman alizihesabu kuwa biashara inayopaswa kuleta faida kama mabehewa. Uchumi ulipoyumba mwaka 1893 kampuni ilipunguza mishahara na kuiacha kodi ya nyumba palepale, jambo lililochangia mgomo mkubwa wa mwaka 1894, na miaka minne baadaye Mahakama Kuu ya jimbo la Illinois iliamua kwamba kampuni haikuwa na mamlaka ya kumiliki mji, hivyo iuze nyumba hizo.

Uingereza kulikuwa na mfano wa namna nyingine. George Cadbury, mtengenezaji wa chokoleti, alianza katika miaka ya 1890 kujenga kijiji cha Bournville karibu na Birmingham, kila nyumba ikiwa na bustani na miti ya matunda, kisha mwaka 1900 akakikabidhi kwa amana, yaani chombo kinachotunza mali kwa manufaa ya watu wengine, na hata wasioajiriwa kiwandani wakaruhusiwa kuishi humo. Cadbury, aliyekuwa wa madhehebu yanayokataa ulevi, hakuruhusu baa kijijini, kwa hiyo fundi mwenye kiu alilazimika kutembea. Hata mwajiri mwema alipenda kuchunga mienendo ya wapangaji wake.

Baadaye pande hizo mbili ziliachana zaidi. Kuanzia mwaka 1934 serikali ya Marekani ilidhamini mikopo ya nyumba, na familia nyingi, hasa za Weupe, zikahamia nyumba za mbao zenye uwanja wake pembezoni mwa miji, mbali na maduka na kazi, kiasi kwamba asiye na gari hupata taabu hata ya kununua mkate. Huko Vienna, Austria, halmashauri ya jiji ndiyo iliyojenga na kupangisha: jengo la Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa mwaka 1930, lina makazi zaidi ya 1,300 pamoja na vyumba vya kufulia na shule za chekechea, na mkazi wake huenda kazini kwa tramu.

Kwa upande wa Shinyanga, mgodi wa almasi wa Mwadui ulianzishwa mwaka 1940 na John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, na ukakua kuwa mji wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege. Kama ilivyokuwa katika miji ya Tanganyika ya kikoloni, iliyogawanywa kuwa uzunguni, uhindini na uswahilini, makazi ya Mwadui yalifuata rangi na cheo. Mji huo unafanana zaidi na Pullman kuliko Bournville, ila umeongezewa uzio, kwa sababu almasi hufichika hata chini ya ulimi. Nje ya uzio Wasukuma waliendelea na kaya zao, zenye zizi la ng'ombe na ngitili, yaani eneo la malisho linalohifadhiwa hadi kiangazi. Novemba 2022, bwawa la majitope ya mgodi lilipopasuka, tope liliingia katika nyumba na mashamba ya wanakijiji hao, watu wasiowahi kupewa kota.

Katika machimbo madogo ya Geita, kama vile Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, nyumba ni kitu kingine kabisa. Kibanda husimamishwa kwa miti na turubai, kitanda ni fito zilizofungwa kamba, na mwenye duara, yaani mmiliki wa shimo, huwalisha vijana ugali na maharage huku malipo yao yakiwa viroba vya mawe ambavyo huenda vikawa na dhahabu au visiwe na kitu. Mawe hupelekwa kwenye karasha kusagwa, unga wake huoshwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, na kuchanganywa na zebaki, na mara nyingine zebaki hiyo huchomwa uani, hatua chache kutoka jiko la mama anayepika, na mvuke wake ni sumu. Ikisikika rashi, yaani habari ya dhahabu mpya kwingineko, turubai hukunjwa na makazi yote yakapakiwa kwenye bodaboda.

Mchimbaji aliyebahatika hujenga mjini nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana kwenye korido, akakaa katika kimoja na kupangisha vingine, na hivyo ndivyo mitaa mingi ya Geita na Kahama ilivyokua bila mkopo wa benki. Mkoa wa Geita, uliokuwa na watu takriban milioni 1.7 mwaka 2012, ulikaribia milioni 3 katika sensa ya 2022, na wengi wa watu hao hawataishi kamwe katika nyumba ya kampuni.

Uzalishaji katika mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulioanza mwaka 2009, ulikoma mwaka 2021, muda mfupi kuliko umri wa nyumba ya matofali iliyojengwa vizuri. Halmashauri za Geita na Msalala (wilayani Kahama), zinapoitwa kujadili mipango ya kufunga migodi iliyobaki, ziulize mapema, kabla mashine hazijang'olewa, kota zitakuwa za nani.