Viatamizi vinavyolea kampuni changa za teknolojia

Kijana mwenye ujuzi wa kuandika programu za kompyuta anaweza kubuni mfumo mzuri wa kusimamia mauzo ya duka katika muda wa wiki chache tu. Lakini kuugeuza mfumo huo uwe kampuni inayolipa mishahara, kodi na madeni yake ni kazi nyingine kabisa, na hapo ndipo wengi hukwama.

Sababu za kukwama zinafahamika. Benki hutaka dhamana ya nyumba au kiwanja, ilhali mali pekee ya kijana huyo ni kompyuta yake na wazo alilo nalo kichwani. Mashirika makubwa husita kumpa zabuni mtu asiye na ofisi wala hesabu zilizokaguliwa. Naye mwenyewe, aghalabu, hajawahi kuandaa ankara wala kusoma mkataba.

Viatamizi vya biashara vilianzishwa ili kuziba pengo hilo. Jina lenyewe latokana na kitendo cha kuku kuatamia mayai: kampuni changa huwekwa mahali penye joto na ulinzi kwa muda maalumu, kisha huachwa itembee kwa miguu yake.

Kituo kinachotajwa mara nyingi kuwa cha kwanza duniani kilifunguliwa mwaka 1959 katika mji wa Batavia, jimbo la New York nchini Marekani. Kiwanda kikubwa cha zana za kilimo cha Massey-Harris kilikuwa kimefungwa mjini humo na watu wengi walikuwa wamepoteza ajira. Familia ya Mancuso ililinunua jengo hilo, lakini Joseph Mancuso, aliyekabidhiwa kazi ya kulisimamia, hakupata mpangaji mmoja wa kulijaza lote.

Hivyo aliligawa vipande vipande, akawapangisha wenye biashara ndogo, akawapa ushauri na kuwasaidia kutafuta mikopo. Mmoja wa wapangaji wa mwanzo alikuwa mfanyabiashara wa kuangua vifaranga. Kutokana na utani juu ya vifaranga hao, wazo la kuatamia biashara likapata jina.

Katika Afrika Mashariki, vituo vya teknolojia vya aina hii vilishika kasi kuanzia mwaka 2010, ilipofunguliwa iHub jijini Nairobi. Waanzilishi wake walitoka katika kundi lililobuni Ushahidi, mfumo uliotumika kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. M-Farm, huduma iliyobuniwa mwaka 2010 na wanawake watatu ili kuwapa wakulima bei za mazao kwa njia ya ujumbe mfupi wa simu, ni miongoni mwa biashara zilizokulia katika mazingira hayo.

Nchini Tanzania, kiatamizi cha Dar Teknohama, kijulikanacho kwa kifupi kama DTBi, kilianzishwa chini ya mwavuli wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, jijini Dar es Salaam. Buni, kituo kingine kilicholelewa na tume hiyo, kilianza kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Finland.

Kazi ya kiatamizi huanza kwa uteuzi. Waombaji hueleza tatizo wanalotaka kulitatua, mteja atakayelipa na namna fedha zitakavyopatikana. Waliokubaliwa hupewa meza, umeme na intaneti kwa gharama nafuu. Gharama hizo, zikibebwa na mtu mmoja, zingeweza kumaliza mtaji kabla ya bidhaa kufika sokoni.

Hata hivyo, meza na intaneti ndiyo sehemu ndogo ya msaada. Msaada mkubwa ni watu. Mhasibu hufundisha kutenganisha fedha za kampuni na za mfukoni. Mwanasheria hueleza usajili, hakimiliki na mgawanyo wa hisa baina ya waanzilishi. Mfanyabiashara mzoefu humwonya kijana asitumie mwaka mzima kuboresha programu ambayo hakuna aliyeiomba.

Aidha, kiatamizi hukopesha jina lake. Mwekezaji au meneja wa benki asiyeweza kupokea simu ya kijana asiyemfahamu huweza kumsikiliza akitambulishwa na taasisi inayoheshimika.

Viatamizi visichanganywe na vituo vya kuharakisha ukuaji. Kiatamizi huweza kukaa na kampuni kwa mwaka mmoja au zaidi, wakati vituo hivyo huchukua kundi kwa miezi michache na kulipa mtaji kidogo kwa kubadilishana na hisa. Y Combinator ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2005, ndiyo iliyoueneza utaratibu huo wa miezi mitatu.

Pamoja na manufaa hayo, mfumo huu una udhaifu wake. Vituo vingi barani Afrika vimetegemea fedha za wafadhili, na mradi unapofikia kikomo kituo hulazimika kutafuta njia nyingine ya kujiendesha, kupunguza huduma au kufunga milango. iHub yenyewe ilichukuliwa mwaka 2019 na CcHub, kituo cha teknolojia cha Nigeria.

Udhaifu mwingine ni kampuni kugeuka mtaalamu wa mashindano. Ipo hatari ya kijana kuhama kutoka tuzo moja hadi nyingine, akipigwa picha na hundi kubwa za maonyesho, bila kupata mteja hata mmoja anayelipa mwezi baada ya mwezi. Kifaranga anayelishwa daima hasahau tu kuchakura, bali hajifunzi kabisa.

Hivyo basi, anayetaka kujiunga anapaswa kuuliza mambo manne kabla ya kutia saini. Je, kituo kitachukua hisa, na kwa kiwango gani? Nani atamiliki programu iliyoandikwa humo? Washauri wamewahi kuendesha biashara wao wenyewe? Na kampuni ngapi zilizotoka hapo bado zinafanya kazi?

Swali hilo la mwisho ndilo linalozihusu pia serikali na wafadhili. Idadi ya vijana waliopita mlangoni haitoshi kuwa kipimo cha mafanikio. Kipimo cha haki ni kampuni zinazoendelea kuajiri watu baada ya kutoka chini ya bawa la mlezi.