Mfungo wa Gedalia na Onyo Lisilosikiwa

Ukimwuliza Mkristo wa kawaida kufunga maana yake nini, atakujibu habari za tumbo. Atasema ni kukaa bila chakula ili maombi yapate nguvu. Jibu hilo si baya, lakini ni fupi mno. Wayahudi, ambao tumepokea kwao Agano la Kale pamoja na desturi yenyewe ya kufunga, wanalo jibu refu zaidi, na leo twataka kulitazama.

Katika Talmudi, kile kitabu kikubwa cha mafundisho ya marabi, kuna maagizo juu ya siku ambayo mji mzima umetangaza mfungo kwa sababu ya ukame, tauni au vita. Wazee na waamuzi wa mji waliamriwa kukaa tangu mwisho wa sala ya asubuhi hata saa sita mchana wakichunguza mambo ya mji. Nani amedhulumiwa? Nani ana nguvu na anawaonea wengine? Ni kikwazo gani kimeachwa njiani? Baada ya hapo ndipo waliposoma Torati na Manabii na kumlilia Mungu wapate rehema. Rabi Maimonides, aliyekuwa pia tabibu, na ambaye alifariki huko Misri mwaka 1204, aliyaandika maagizo hayo katika sheria zake za mfungo. Yaani nusu ya kwanza ya siku ya kufunga ilikuwa kazi ya tume ya uchunguzi! Nasi Wakenya tunazijua tume, lakini hatujapata kuona tume iliyofanya kazi yake na njaa tumboni.

Mfungo mkuu wa Wayahudi ni Siku ya Upatanisho, yaani Yom Kippur, inayoangukia tarehe 10 ya mwezi wao wa Tishri. Amri yake imo katika Walawi 16 na 23. Hufunga jioni hata jioni, muda wa saa 25 hivi. Hawali, hawanywi, hawaogi, hawajipaki mafuta, hawavai viatu vya ngozi, na mume na mke hujitenga. Alasiri husomwa kitabu chote cha Yona, na mwisho wa siku hupigwa baragumu. Ungamo la siku hiyo hufanywa kwa wingi, kama lile la Kitabu chetu cha Sala. Hawasemi “nimekosa” bali “tumekosa”, na hutaja makosa mengi ambayo mwenye kusali huenda hakuyatenda yeye mwenyewe.

Mambo mawili zaidi yafaa kukumbukwa kuhusu siku hiyo. La kwanza, Mishna yafundisha kwamba Yom Kippur husafisha makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu, lakini kosa lililo kati ya mtu na jirani yake halisafishwi mpaka amwendee jirani na kumridhisha. La pili, uhai hutangulia mfungo. Mgonjwa hulishwa, na mtu akifunikwa na kifusi watu humfukulia, hata siku hiyo ikiwa ni Sabato.

Sasa tuuangalie mfungo mwingine, mdogo, ambao Wakristo wengi hawajapata kuusikia. Nabii Zekaria (8:19) anautaja kuwa saumu ya mwezi wa saba. Wayahudi huuita Mfungo wa Gedalia, nao hufungwa tarehe 3 ya Tishri, juma moja tu kabla ya Siku ya Upatanisho.

Habari zake zimo katika Yeremia 40 na 41. Wababeli walikuwa wameiteketeza Yerusalemu, na mfalme wao akamweka Gedalia mwana wa Ahikamu awe liwali juu ya maskini waliobaki. Alikaa Mispa. Alikuwa mtu mwema, aliyetaka watu walime, wavune zabibu na kupumzika. Ndipo Yohanani mwana wa Karea, pamoja na maakida wengine, akamjia na habari za siri, kwamba mfalme wa Waamoni amemtuma Ishmaeli mwana wa Nethania amwue. Gedalia hakusadiki. Yohanani akarudi tena faraghani na kumsihi amruhusu amwue Ishmaeli kwanza. Gedalia akamkataza, akisema Ishmaeli anasingiziwa. Katika mwezi wa saba Ishmaeli akaja na watu kumi, wakala chakula pamoja na liwali, kisha wakamwua pale pale alipokaa. Kesho yake wakaja wasafiri 80 wakiwa na matoleo ya nyumba ya Bwana. Ishmaeli akawachinja 70 na kuwatupa shimoni. Mabaki ya watu wakaogopa Wababeli, wakakimbilia Misri, na nchi ikabaki ukiwa.

Mtu aweza kuuliza Gedalia alikosa nini. Alikataa kusikiliza masengenyo, nasi huhubiri kila Jumapili kwamba masengenyo ni dhambi. Marabi waliona ugumu huu, na jibu lao lastahili kusikilizwa polepole. Walisoma Yeremia 41:9, wakaona kwamba waliouawa wanahesabiwa kama waliotupwa shimoni kwa mkono wa Gedalia. Wakauliza: je, Gedalia ndiye aliyewaua? Si Ishmaeli? Wakajibu kwamba kwa kuwa ilimpasa kuliangalia shauri la Yohanani naye hakuliangalia, Maandiko yanamhesabu kana kwamba aliwaua yeye. Na Rabi Rava akaongeza kwamba habari mbaya juu ya mwenzako usiipokee kuwa kweli, lakini ukiisikia, jihadhari. Hakuna aliyetaka Gedalia amwue Ishmaeli kwa uvumi. Alitakiwa tu aweke mlinzi mlangoni.

Kwa fundisho hilo mkononi, twende mwaka 1973, katika taifa la Israeli la siku hizi.

Mwaka ule tarehe 3 ya Tishri iliangukia siku ya Sabato, hivyo Mfungo wa Gedalia ukasogezwa hadi Jumapili, tarehe 30 Septemba. Kesho yake, Jumatatu tarehe 1 Oktoba, luteni mmoja kijana aitwaye Benjamin Siman-Tov, ofisa wa upelelezi katika kamandi ya kusini, aliandika taarifa kwamba mazoezi makubwa ya jeshi la Misri ng'ambo ya Mfereji wa Suez yaweza kuwa ni pazia tu la kuficha vita. Tarehe 3 akaandika ya pili. Mkuu wake hakuzipeleka juu. Mkuu huyo alikuwa luteni kanali, na jina lake lilikuwa David Gedaliah. Sisi hatujengi fundisho juu ya jina, maana majina hufanana. Twalitaja kwa kuwa ndivyo lilivyo.

Lakini lisingekuwa jambo la haki kumtwika mtu mmoja mzigo huu. Idara ya upelelezi ya jeshi, chini ya Jenerali Eli Zeira, ilikuwa imeshika wazo moja kwa nguvu sana. Wazo hilo lilisema kwamba Misri haitapigana mpaka ipate ndege na makombora ya kupiga mbali ndani ya Israeli, na kwamba Syria haitapigana bila Misri. Wazo hilo halikuwa la kubuni, kwani lilitokana na habari za kweli zilizopatikana Misri kwenyewe. Ila mwezi wa Oktoba 1972 Rais Sadat alibadili nia, akaamua kupigana kwa silaha alizokuwa nazo. Yeye alibadilika, wazo halikubadilika. Kila dalili mpya ilipokuja, ilikatwa na kushonwa upya mpaka ikalitosha wazo la zamani.

Na dalili zilikuwa nyingi. Tarehe 25 Septemba Mfalme Hussein wa Jordan alikutana kwa siri na Waziri Mkuu Golda Meir akamwonya. Siku chache kabla ya vita Warusi walianza kuwaondoa jamaa zao Misri na Syria kwa haraka. Hata hivyo, tarehe 5 Oktoba idara ilikuwa bado inasema uwezekano wa vita ni mdogo. Usiku huo mkuu wa shirika la Mossad, Zvi Zamir, alikutana mjini London na Ashraf Marwan, mkwe wa marehemu Rais Nasser, akaambiwa kwamba vita ni kesho. Habari ilifika Israeli alfajiri ya Yom Kippur, ikisema vitaanza jioni. Vilianza saa nane mchana.

Siku ile nchi ilikuwa kimya. Redio zilikuwa zimefungwa na barabara hazikuwa na gari. Wajumbe wakaingia katika masinagogi na kusoma majina ya askari wa akiba, na watu wakatoka na mashuka yao ya sala mabegani. Marabi waliwaruhusu kula na kupanda magari, kwa maana ile ile ya mtu aliyefunikwa na kifusi. Ng'ambo ya mfereji nako ulikuwa mwezi wa Ramadhani, tarehe 10. Basi, wapendwa, vita hivi vilianza siku ambayo pande zote mbili zilikuwa katika saumu.

Katika milima ya Golan vifaru vya Israeli havikufika 200, na vya Syria vilikuwa zaidi ya 1,000. Vita vilipokoma mwishoni mwa Oktoba, Waisraeli zaidi ya 2,500 walikuwa wamekufa, na Wamisri na Wasyria wengi zaidi ya hao. Matokeo yake yalifika hata kwetu. Bei ya mafuta ilipanda dunia nzima, na Kenya, kama nchi nyingi za Afrika, ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli tarehe 1 Novemba 1973, ukarudishwa mwaka 1988.

Mwezi huo wa Novemba iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Shimon Agranat, Rais wa Mahakama Kuu. Pamoja naye walikuwapo Jaji Moshe Landau, Mkaguzi wa Hesabu Yitzhak Nebenzahl, na wakuu wa majeshi wawili wastaafu, Haim Laskov na Yigael Yadin. Huyu Yadin ndiye yule mtaalamu aliyechimbua ngome ya Masada, ambaye vitabu vyake vimo katika maktaba za vyuo vyetu vya theolojia. Tume iliketi vikao 140, na taarifa yake ya kwanza ikatoka mwanzoni mwa Aprili 1974. Ilisema waziwazi kwamba habari zilikuwapo za kutosha, ila ziliwafikia watu walioshikwa na wazo lao. Ikapendekeza Mkuu wa Majeshi David Elazar aondolewe, na Zeira na maofisa kadhaa wengine, akiwamo Gedaliah, waondolewe katika upelelezi.

Juu ya Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi, Moshe Dayan, tume haikutoa hukumu ya namna hiyo. Ilisema wajibu wa mawaziri ni jambo la bunge na wapiga kura. Hapo ndipo wananchi walipowaka hasira. Kapteni Motti Ashkenazi, aliyeongoza ngome pekee ya mferejini ambayo haikuanguka, alikuwa tayari ameketi peke yake mbele ya ofisi ya Waziri Mkuu akidai wakubwa wajibu. Sasa maelfu walisimama pamoja naye. Golda Meir alijiuzulu mwezi ule ule wa Aprili. Elazar alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 50 tu.

Sisi twaona kwamba kwa kipimo cha Maandiko wananchi walikuwa na neno. Katika Kumbukumbu la Torati 21, maiti ikionekana shambani na mwuaji hajulikani, wazee wa mji ulio karibu ndio wanaotoka, wanaonawa mikono na kusema mbele za Mungu kwamba hawakuimwaga damu ile. Mishna inashangaa: nani angedhani wazee ni wauaji? Nayo yajibu kwamba wanaapa hawakumwacha mgeni yule apite bila chakula wala bila wa kumsindikiza. Hawaulizwi kama walishika kisu, ila kama waliangalia. Wala swali hilo halimwishii luteni kanali.

Baada ya tume, idara ya upelelezi ilianzisha ofisi ndogo ambayo kazi yake ni kubisha. Watu wakikubaliana wote, ofisi hiyo huandika kinyume chake. Waliipa jina la maneno ya Kiaramu kutoka Talmudi, ipcha mistabra, yaani “kinyume chake ndicho kinachoelekea”. Marabi walikuwa na hekima hiyo zamani, hata walifundisha kwamba waamuzi wote wa baraza kuu wakimhukumu mtu kufa bila hata mmoja kumtetea, mtu huyo aachiliwe.

Ofisi hiyo ilikuwa bado ipo miaka 50 na siku moja baada ya vita vile, tarehe 7 Oktoba 2023, wapiganaji wa Hamas walipotoka Gaza na kuua watu wapatao 1,200 huko Israeli, na vita vilivyofuata vikaua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Wasichana askari waliowekwa kutazama mpaka walikuwa wameripoti mazoezi ya Hamas karibu na uzio, na wakubwa wao hawakuwasikiliza. Mkuu wa upelelezi wa jeshi, Aharon Haliva, alijiuzulu Aprili 2024. Mwaka ule Mfungo wa Gedalia ulifungwa Jumatatu, tarehe 18 Septemba, siku 19 kabla.